Kakule Ana Bustani Sikioni

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa pili

Nimeanza stage, mafunzo ya kazi! Labo! Mimi! Nimevaa blouse nyeupe, koti la kazi la dada Keren, inafika magotini, mikono nimekunja mara tatu. Mama amesema ninafanana na muuza maziwa. Sijali.

Labo yetu ya kupima magonjwa ni chumba kimoja nyuma ya kituo cha afya. Dirisha linaangalia barabara ya kwenda Beni na vumbi linaingia bila kupiga hodi. Kuna microscope mbili (moja ni kipofu). Kuna frigo moja. Kuna étuve moja, yaani kabati la kupasha joto, degree 37, kama tumbo la mama. Microbe wanalala humo wanakua. Nimependa sana.

Chef anaitwa Benoît. Ni mtu wa Kananga, serikali ilimtuma hapa miaka sita iliyopita, na baridi ya Butembo bado inamshangaza kila asubuhi. Anafanya kazi na kofia ya sufu kichwani. Stagiaires tuko wawili tu, mimi na Falonne wa darasa letu. Falonne anaongea kwa ajili yetu sisi wawili. Ni vizuri.

Jambo la kwanza la leo: chef akapanga boîtes (visahani vya plastiki vyenye chakula cha microbe) ndani ya kopo kubwa la maziwa ya unga, akawasha bougie, mshumaa, humo humo, akafunga. Falonne akapiga ishara ya msalaba! Kweli! Akainamisha na kichwa. Chef akamwangalia: “Petite, unaombea nani?”

Kumbe bougie inakula hewa mpaka inazimika yenyewe, na kuna microbe wa sikio wanaopenda hewa ile nzito inayobaki. Nilicheka mpaka nikauma mkono wa blouse. Halafu nikakumbuka: mimi pia nilikuwa nimefunga macho.

Sheria ya chef, ameibandika mlangoni (fiche ni karatasi ya mgonjwa): HAKUNA BOÎTE BILA FICHE, HAKUNA FICHE BILA MGONJWA. Mwaka jana stagiaire mmoja alipaka boîte na jasho la kiatu chake, kwa mchezo. Chef alimrudisha shuleni siku ile ile. Stage: zero. Mwaka mzima: zero.

Leo nimesimama kushoto kwa kila mtu. Hakuna aliyeona.


Jumanne, tarehe 6

Masikio! Masikio matupu! Batoto wanne asubuhi moja. Chef anasema baridi hii pamoja na vumbi hili ni shamba la masikio.

Wa kwanza Jordy, miezi tisa, sikio linatoa maji ya njano. Falonne akashika kichwa, chef akaingiza kijiti chenye pamba, akazungusha polepole, akatoa, akapaka kwenye boîte mistari kwa mistari, kama mtu anayelima. Mimi nilishika mikono ya Jordy. Ameniuma kidole. Mama yake akasema pole dada, iko na meno mbili tu mais anazitumikisha.

Halafu chef akamuuliza: mama, ulitia nini ndani ya sikio? Mama akaangalia chini. Mwisho akasema: unga wa ampi, ile antibiotic ya pharmacie. Alifungua kidonge, akamwaga sikioni. Chef hakukasirika. Alisema tu: basi kesho boîte yake inaweza kunyamaza, microbe wakinusa dawa kidogo wanajificha, hawafi. Umurudishe kisha siku tatu, usitie kitu. Ata mafuta. Ata maziwa yako. Mama akasema aah, na maziwa ulijuaje?

Niliposikia “unga wa ampi” mwili wangu wote ulipata moto. Basi niandike. Daftari hii inalala chini ya godoro, nani ataisoma?

Sikio langu la kushoto linatoka usaha. Tangu primaire, mwaka wa tatu. Linakauka mwezi mmoja, linarudi. Mama alitia ampi. Alitia mawese ya moto, maji ya kitunguu, kila kitu ambacho jirani alisema. Pale primaire waliniita Ndagala, yaani dagaa, kwa sababu ya harufu. Ndagala, sogea! Ndagala, paka iko nakutafuta! Tangu siku zile: pamba ndani, nywele upande mmoja. Kisha nikamwambia Mama limepona. Nilichoka. Na yeye alichoka, nilimwona. Watu wanasema Léa ana haya sana. Haya ninayo, ndiyo. Mais nusu yake ni kwamba sikusikia swali.

Sasa dhambi yenyewe. Mama wa mtoto wa nne alikimbia alipoona kijiti. Boîte ikabaki. Kijiti kikabaki. Chef alikuwa anakula, Falonne alikuwa anamsimulia chef filamu nzima. Nikaenda msalani na kijiti ndani ya blouse. Nikatoa pamba. Nikazungusha polepole, kama alivyofanya. Nikarudi nikapaka mistari. Mkono haukutetemeka hata kidogo! Mistari yangu ilikuwa mizuri kuliko ya Falonne!

Nikajaza fiche. Jina: Kakule. Ndilo la kwanza lililokuja. Umri: mkubwa. Sikio: kushoto. Nikatia boîte ndani ya kopo pamoja na ya Jordy, nikawasha bougie.

Nani mwingine Butembo nzima amewahi kuwasha bougie kwa ajili ya usaha wake?


Jumatano, tarehe 7

KIJANI!!!

Boîte ya Jordy imenyamaza, kama chef alivyosema. Kisha akachukua yangu. Akafungua mfuniko kidogo tu. Akasema kwa lugha ya kwao kitu ambacho sikuelewa. Akasema: “Kuyeni muone. Huyu Kakule eko na bustani mu sikio!”

Chakula kilikuwa chekundu jana, damu ya kondoo. Leo juu yake kuna shuka la kijani, linang’aa kidogo kama mgongo wa inzi, mpaka kwenye mstari wangu wa mwisho. Falonne alisema weee, mutu huyu anaoza! Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, nikacheka zaidi yao, uso ukiwaka kama jiko.

Halafu harufu. Chef amekataza kunusa boîte, mais hii ilitoka yenyewe kutujia. Falonne alifunga pua mbele ya wakati. Chef akasema fungua, harufu haitakuuma. Inanuka tamu! Kama maua! Kama zabibu za divai ya misa, kama ua jeupe la nyuma ya kanisa. Chef anasema ndiyo alama yake, vitabu vyake vya shule vilisema hivyo hivyo.

Maua! Miaka yote ile Ndagala — na kumbe ni maua! (Najua. Ndani ya sikio si maua. Acha nifurahi.)

Chef akauliza: nani alimupokea Kakule? Nikasema mimi. Saa ya chakula. Simu yake? Hana. Atarudi? Nikasema: atarudi. Sauti yangu ilitoka ndogo kama ya mbu.

Kisha chef hakucheka tena. Alisema microbe wa namna hii si mgeni wa jana. Anakaa miaka. Anatoboa ngozi ya ndani, kisha anaanza kula mfupa, polepole, bila haraka, hata haumi sana. Siku moja mtu anaamka, upande mmoja ni kimya. Kabisa. “Donc nataka huyu Kakule anisikie kungali mapema. Wakati anaweza kusikia.”

Falonne alicheka hiyo. Mimi nilienda kuosha vijiti ambavyo vilikuwa safi.


Alhamisi, tarehe 8

Nimemwona! Ana kwa ana! Chef alimtia rangi, akaniachia microscope nzima, ile inayoona. Vijiti vidogo vya pinki, maelfu, wametapakaa kama mchele uliomwagika. Ndio hao. Wapangaji wangu.

Kisha karatasi ndogo: unagusisha microbe hapo, ikigeuka zambarau ni mtu wa ukoo ule chef anaouwaza. Chef akahesabu moja, mbili — zambarau! Falonne akapiga kelele ya harusi.

Jina: Pseudomonas. Linafanana na jina la mtakatifu aliyekufa vibaya. Nimeliandika kwenye mkono wangu ndani ya blouse, Mama akaliona saa ya kuosha vyombo, akauliza kama ni mvulana.


Ijumaa, tarehe 9

Leo vita. Unapaka microbe boîte nzima, unaweka juu yake vidonge vya karatasi vyembamba, kila kimoja na dawa yake, unangoja kesho yake. Dawa ikiweza, inafanya duara tupu kuizunguka karatasi yake, kama uwanja uliofyekwa. Dawa isipoweza, microbe wanakuja mpaka mlangoni.

Jana tuliweka. Leo tumesoma. Amoxi: hakuna duara. Ampi: hakuna. Bactrim: hakuna. Wamejaa mpaka wamepanda juu ya karatasi! Miaka ile yote ya unga wa ampi, Mama anafungua vidonge polepole chini ya taa, ulimi nje — na hawa walikuwa wanaona kama mvua ya sukari!

Nilicheka. Falonne akauliza nini. Nikasema hakuna kitu. Kisha ilinibidi kutoka nje kidogo.

Genta ina duara. Nikaruka! Chef akasema tulia, kama ngozi ya ndani imetoboka, genta sikioni inaweza kuua kusikia kwenyewe. Tunataka cipro. Na karatasi za cipro hapa kwetu zimekwisha tangu Noeli. “Tutampeleka Beni,” akasema. Nani? “Microbe. Na mutu wa kumubeba, mwenye mikono haitetemeke.” Akaniangalia mimi.


Jumamosi, tarehe 10

Nilienda kanisani kuungama. Nilikuwa wa tatu kwenye mstari. Nikafikiri nitasema nini: Padri, nimedanganya kwenye fiche ya microbe? Nikatoka kwenye mstari. Mama Florentine wa réception alikuwa nyuma yangu, akachukua nafasi yangu, akasema wasingya, asante, kama nimempa zawadi.


Siku ya Mungu, tarehe 11

Injili ya leo: mwenye ukoma. Yesu anamponya, anamwambia usimwambie mtu, na yeye anaenda kumwambia kila mtu! Padri alicheka kwenye mahubiri. Mimi ni kinyume chake. Hakuna aliyenikataza kusema. Na sijapona.

Mama alikaa kushoto kwangu. Alinong’ona kitu wakati wa komunyo. Nikaitikia kwa kichwa. Sijui nilikubali nini. Nyumbani nimejua: nitaosha sufuria zote za kikundi cha kina mama. Zote! Kumi na moja!


Jumatatu, tarehe 12

BENI! Nimerudi! Nitaandika yote hata mkono ukivunjika.

Tuliondoka saa moja asubuhi, taxi ya watu watano tukiwa saba. Chef mbele na kofia yake. Mimi nyuma, thermos magotini, na ndani ya thermos, katika barafu, kichupa kimoja cha microbe wangu. Kila shimo la barabara niliinua thermos juu kama padri na kikombe. Mama mmoja wa Kalunguta, na kuku wawili, akauliza: iko supu? Nikasema hapana, mama. Akasema: mbona unaishika kama mtoto wa kwanza?

Barrière, kamba ya askari barabarani. Askari kijana, Kilingala tupu. “Petite, eloko nini wana?” Kitu gani hicho. Chef alikuwa ameshuka kuonyesha karatasi upande wa pili. Mimi, ninapoulizwa na mtu nisiyemjua, akili yangu inakimbia na kuacha ulimi peke yake. Ulimi ukasema ukweli: “Ni microbe.”

Aliruka! Nyamuhanga wangu, Mungu wangu, aliruka kama amekanyaga nyoka! “Ebola?!” Mama wa Kalunguta akafungua mlango akatoka na kuku wote wawili, dereva akatoka kwa dirisha — dirisha! — na mimi nikabaki peke yangu ndani ya gari, nikipiga kelele: “Ya sikio! Ya sikio tu!” Chef akaja mbio, akaeleza, akaonyesha karatasi yenye muhuri, akaonyesha sikio lake mwenyewe, akataka kuvuta mpaka sikio la askari. Askari alikaa mbali, akainua kamba kwa fimbo. Tulipopita alisema kwa Kiswahili kizuri kabisa: petite, siku ingine sema ni supu.

Gari zima lilicheka mpaka Beni. Mama wa kuku alinipa ndizi. Alisema nina sauti kubwa, nijiunge na kwaya.

Sauti kubwa! Mimi!

Beni ni joto, chef alivua kofia, kumbe ana upara. Labo yao ina kioo, ina hewa ya mashine, ina bwana anaitwa Gérard anayezungumza na boîte zake. Alichukua kichupa, akasoma fiche, akaniuliza mimi, si chef: “Huyu mgonjwa, anasikia vipi?”

Nikasema: upande mmoja vizuri. Upande wa pili ni kama mtu anaongea nyuma ya mlango.

Akaandika. Akasema: “Ulimuuliza vizuri. Wengi hawaulizi.”

Barabara yote ya kurudi nilikuwa na maneno hayo mdomoni. Ulimuuliza vizuri.


Jumatano ya Majivu, tarehe 14

Gérard ametuma picha kwenye WhatsApp ya chef. Chef ana majivu kipajini, Falonne ana majivu, mimi nina majivu, vichwa vitatu vyeusi juu ya simu moja. Cipro: DUARA! Kubwa! Safi kama sahani! Kama mwezi! Falonne alinishika mikono tukacheza katikati ya labo, kofia ya chef ikaanguka ndani ya ndoo ya Javel, dawa ya kung’arisha nguo.

Na si hiyo tu! Gérard amempa dereva chupa ya matone ya cipro, ya sikio. Moja. Hapa mjini imekosekana kila pharmacie, chef mwenyewe alizunguka. Na Alhamisi ya wiki ijayo Docteur Simone, daktari wa masikio, atapita kituoni kwetu kutoka Beni, asubuhi moja tu. Kisha hatarudi mpaka Pasaka ipite. Donc: Kakule aje Alhamisi, daktari aangalie ndani, achukue chupa. Chef akaandika KAKULE kwenye plasta, akaibandika kwenye chupa, akaitia frigo.

Halafu Mama Florentine akaja kupanga fiches. Ametoka Lubero, anajua ukoo wa kila mtu mpaka babu wa saba. Akasoma ya kwangu, akaanza kucheka akishika tumbo. “Benoît! Kakule mwanamuke? Tangu lini?”

Nikainama kuona fiche. Sikuwa nimeona. Kwenye F/M mkono wangu ulitia alama kwenye F, wenyewe, kama unavyofanya kwenye kila karatasi ya shule tangu nizaliwe! Kakule ni jina la mtoto mwanamume, kwa zamu ya kuzaliwa! Hapa kwetu hata kuku wanajua!

Chef akasema: “Mimi nitajua wapi? Nyinyi Banande munaita batoto kwa numéro, kama bus.” Mama Florentine: “Na kwenu munabaita kwa urefu wa suruali!” Wakacheka, wakapigana mikono. Kisha chef akachukua kalamu, akafuta F, akaandika M, kwa mwandiko mzuri sana. “Stagiaire alichoka,” akasema.

Ilikuwa saa ya kusema. Mdomo nilikuwa nao. Nikaokota kofia kwenye ndoo. Imetoka madoa meupe kama chui.


Ijumaa, tarehe 16

Chupa iko frigo. Nimeiangalia mara tisa.


Jumatatu, tarehe 19

Jordy amerudi! Siku tatu zimekuwa kumi na tatu, mais hawakutia kitu, hata maziwa. Nimepaka boîte yake mimi mwenyewe, na karatasi za dawa juu yake papo hapo, chef akishika mikono nyuma. Ameniuma tena.

Nimepanga njia tatu. Ya kwanza: kumwambia chef. Chef ananirudisha shuleni, sheria iko mlangoni. Zero. Ya pili: kuchukua chupa kimya kimya. Huo ni wizi, na bila daktari sijui kama ngozi imetoboka. Ya tatu: kunyamaza. Njia ya tatu naijua vizuri, nimeishi humo.

Usiku huu pamba imetoka na damu kidogo.


Jumanne, tarehe 20

Boîte ya Jordy: vitone vidogo, kila kimoja kimebonyea katikati kama kitovu! Amoxi inawafyeka wote! Ni pneumocoque, mtoto atapona wiki hii! Nimemkimbilia mama yake mpaka kwenye moto, pikipiki, nikamwita nyuma yake: “Mama Jordy! Tumempata!” Watu waligeuka. Sikujificha.

Jioni nimewaza: kwa mtu mwingine ninaweza kupiga kelele barabarani.


Alhamisi, tarehe 22

Naandika nimeegemea ukuta wa koridoo. Kalamu inatoboa karatasi. Nisipoandika nitakimbia.

Asubuhi Docteur Simone alifika. Mfupi, viatu vya michezo, taa kipajini kama mchimba dhahabu. Chef amevaa tai! Ametoa chupa kwenye frigo, ameiweka kwenye kitambaa cheupe. Akafungua mlango: “Kakule!”

Nilikuwa mita mbili kutoka kwake.

“Kakule!”

Kisha: “Léa, wewe unamujua sura. Nenda nje umutafute.”

Nikatoka. Kweli nilitoka! Nilitoka nje kujitafuta mwenyewe! Nikasimama kwenye ngazi mbele ya watu wote wanaongoja, nikafikiri: nitaita mara moja, polepole, hakuna atakayejibu, nitarudi niseme hayuko. Na yote yatakwisha. Nikaita kidogo. Mama mmoja akasema: dada, sauti! Na mimi — sijui ni nini kilinishika, labda barrière ile, labda Mama Jordy — nikapiga kelele kabisa: “KAKULE!”

Watu watatu wakasimama.

Watatu! Bien sûr! Butembo! Ukiita Kakule kwenye uwanja wowote ni lazima utayarishe viti! Motard mmoja, mwendesha pikipiki: “Ni miye! Banagawa nini?” Fundi mmoja mwenye saruji mpaka kwenye nyusi. Na mzee mmoja wa Kalunguta, na koti la misa, akishika kiberiti. “Miye njo Kakule,” akasema, “niko hapa tangu saa kumi na mbili.” Akanishika mkono kama mjukuu wake, akaniingiza ndani. Mimi nilikuwa nacheka. Aibu, mais nilikuwa nacheka, sikuweza kusema hata neno. Chef akaangalia fiche: Kakule, M, mkubwa. Akaangalia mzee. Mwanamume, mkubwa. Akamkumbatia! “Papa! Tumekungojea siku kumi na sita!” Akatutoa sisi stagiaires, akafunga mlango.

Falonne yuko karibu nami, upande wa kulia. Anauliza unacheka au unalia. Naendelea kuandika.

Mlango ni mwembamba. Nasikia yote.

Docteur: papa, geuza kichwa. Upande wa pili. Anasema: Benoît, sikio hili ni kavu. Yote mawili. Mazuri kuliko yangu.

Chef: haiwezekani, Docteur, microbe wake nimemuona na macho yangu, nimemupeleka mpaka Beni!

Mzee: mwanangu, ni tumbo. Tumbo! Niliambiwa nilete choo. Nimeleta. Iko ndani ya kiberiti.

Falonne ameanguka chini kwa kucheka. Na mimi. Tumekaa chini wote wawili, mdomo ndani ya blouse.

Chef hacheki. Anasema labda limekauka siku hizi tu, linakauka na linarudi, ndiyo tabia yake. Anasema tumpe matone hata hivyo, asirudi Kalunguta mikono mitupu, microbe hadanganyi. Docteur anasema haya, kama una hakika. Papa, lala upande huu.

Nasikia plasta inabanduliwa. Ile plasta. Chupa ni moja. Ukiifungua haikai.

Nimesimama. Nimemwambia Falonne: Kakule ni mimi. Amesema: nini? Nimesema tena, kwa sauti: ni mimi. Ameacha kucheka. Anaangalia nywele zangu za upande wa kushoto. Hajafunga pua.

Nimetoa pamba. Iko mkononi, ina unyevu. Chef anahesabu huko ndani, papa usitikisike, moja —

Nimegonga. Nimegonga sana, mlango mzima umetetemeka.

“Nani?”